Manyoya ya saluki sio pasipoti

Mwaka 2024 FCI, yaani lile shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa lenye makao yake Ubelgiji, lilimkubali kwa muda mbwa wa kuwinda wa Kazakhstan anayeitwa tazy. Kwa muda maana yake bado anaangaliwa, lakini jina lishaingia kwenye orodha. Kabla ya hapo, Januari 2023, Kazakhstan yenyewe ilishapitisha sheria ya kumlinda tazy pamoja na tobet, yule mbwa wao wa kulinda mifugo. Hongera zao. Tatizo limeanzia huku kwetu, kwenye magrupu ya wanaofuatilia saluki, yule mbwa wa kuwinda wa Waarabu wa Ghuba, ambako habari hii imesomwa kichwa chini miguu juu: eti kama tazy kajitenga na saluki akapata karatasi zake, basi na saluki wa Kiarabu nao wapasuliwe, Shami wa upande wa Syria wawe mbwa wao, Najdi wa katikati ya Uarabuni wao, Omani wao, Yamani wao, na njia ya kuwajua ni kuangalia manyoya tu, mwenye singa ndefu masikioni huyo Shami, aliye laini kama kapakwa mafuta huyo ni wa jangwani kusini. Picha nne zimepangwa vizuri, mishale imechorwa, watu wanasambaza.

Mimi nasema hapana, na nasema mapema ili asiyetaka kusoma yote aondoke na hili. Mbwa katoka wapi ni swali moja, manyoya yake yakoje ni swali jingine kabisa, na ukitumia jibu la la pili kujibu la kwanza utachemsha. Kumgawanya saluki wa Kiarabu kwa asili sina ugomvi nako, watu wa jangwani wenyewe wanajua mbwa wa kabila fulani na mbwa wa upande fulani, na wanakutajia bibi na babu wa mbwa bila kuangalia karatasi. Ila kumgawanya kwa singa halafu ukasema hiyo ndo asili, hapo umeshatoka kwenye elimu ya mbwa umeingia kwenye kupiga ramli.

Kwa asiyemjua saluki nieleze kidogo. Ni mbwa anayewinda kwa jicho, hafuati harufu ardhini kama wengine, akiona swala au sungura mbali anafyatuka. Kifua kimeshuka, kiuno kimebanwa kama cha nyigu, miguu mirefu, uso mwembamba, na ana namna ya kukutazama kama vile wewe ndo umekuja kumuomba kazi. Mwili mzima manyoya ni mafupi, na hili watu wengi hawalijui, wanadhani wapo saluki wenye manywele mwili mzima kama wale mbwa wa Afghanistan wanaoonekana wamevaa pazia. Hapana. Tofauti iko sehemu chache tu: masikioni, chini ya mkia, nyuma ya miguu, na wengine kidogo vidoleni na kooni. Mwenye singa sehemu hizo Waarabu wa Ghuba wanamwita aryash, neno linalotokana na rish, yaani unyoya wa ndege, na asiye nazo wanamwita hess. Wote wawili wanaitwa saluqi. Kwenye mashindano ya urembo wa saluki Abu Dhabi hess wanapangwa peke yao na aryash peke yao, na hapo ndipo baadhi ya watu walipoanza kuchanganya mambo, wakadhani kupangwa peke yake ni kuwa mbwa mwingine. Jaji anataka kulinganisha vinavyolingana, basi. Wanaume na wanawake nao wanakimbia mbio tofauti na hakuna aliyesema ni viumbe wa aina mbili.

Hapa najua kuna msomaji ameshakunja uso kwa sababu ya neno lenyewe mbwa, hasa sisi tuliolelewa Pwani kwenye madhehebu ya Shafi, ambako mate ya mbwa yakikugusa unaosha mara saba na moja iwe kwa udongo, na kalba ni tusi kubwa. Bedui naye ni Mwislamu, na ukimwambia saluki ni kalb, yaani mbwa kwa Kiarabu, atakukatalia. Kwake kalb ni yule wa jalalani, saluki ni hurr, muungwana, analala ndani ya hema. Na msingi upo, Surat al-Maida aya ya 4 inaruhusu kula kilichokamatwa na wanyama wawindaji waliofundishwa, na neno lililotumika pale kwa hao wafundishaji, mukallibin, limetoka kwenye mzizi uleule wa kalb. Naitaja hii sio kwa ajili ya kutoa fatwa, nataka uone kwamba kwa wenyewe mstari mkubwa umechorwa kati ya mbwa wa kazi na mbwa wa mtaani. Kati ya mwenye singa na asiye na singa mstari huo haupo.

Sasa tuje kwenye majina, maana nusu ya vurugu imetoka hapo. Saluqi, kwa mujibu wa wengi, ni wa Saluq, na Saluq inatajwa kuwa mji wa kale wa Yemen ingawa wapo wanaoupeleka kwingine. Ukivuka ukaenda Uajemi, mbwa huyuhuyu anaitwa tazi, na tazi kwa Kiajemi maana yake ni ya Kiarabu. Umeona mchezo? Mwajemi anasema mbwa wa Mwarabu, Mwarabu wa kaskazini anasema mbwa wa Yemen, yaani kila mmoja anamnyooshea kidole jirani. Hilo jina la tazi likasafiri mpaka Asia ya Kati, ndo huyo wa Kazakhstan. Upande wa magharibi, kuanzia Libya mpaka Moroko, watu wanatamka kwa haraka, slugi, Wafaransa wakaandika sloughi. Neno ni lilelile, sawa na sisi mmoja anasema macho mwingine wa kule Lamu anatamka mato. Wazungu wakasikia matamshi mawili wakafungua madaftari mawili ya kuandikisha mbwa. Baadaye madaftari yakaanza kutafuta sababu ya kuwa mawili, na sababu rahisi kuliko zote ilikuwa manyoya: saluki ana singa, slugi hana. Fungua vitabu vya mbwa vya zamani utaikuta hiyo imeandikwa kama vile ni sheria.

Na hiyo orodha ya Shami, Najdi, Omani na Yamani haikutoka kwa mabedui walivyokaa kikao wakakubaliana. Inajulikana zaidi kupitia Florence Amherst, mama wa Kiingereza aliyepata saluki wake wa kwanza mwaka 1895 kutoka Misri, kwa kabila la Tahawi. Alifanya kazi kubwa, aliandika kwa mapenzi, na bila yeye huenda Waingereza wasingemtambua saluki mwaka 1923 walipounda chama chao. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 ndo akapanga mbwa kwa majina ya nchi, Shami mwenye mashungi, wale wengine wepesi wa manyoya. Ila tujiulize alikuwa anapata habari vipi. Alikuwa England, mbwa wake wamepitia Misri, na maelezo ya kule Oman na Najd yanamfikia kwa midomo ya watu. Ni kama mtu akae Cairo aandike aina za ngalawa za Lamu, Pemba na Kilwa kwa kuuliza mabaharia bandarini. Atapatia mengi, lakini usije ukachukua orodha yake ukaifanya katiba. Wenzetu wa mitandaoni wameichukua orodha ya zaidi ya miaka 100 ya mama mmoja, wakaitolea picha za simu, wakaiita elimu ya asili ya Kiarabu.

Twende kwenye manyoya yenyewe yanavyorithiwa, maana hapa ndo hoja yao inavunjika kabisa. Urefu wa manyoya ya mbwa kwa sehemu kubwa unaamuliwa na jeni moja inayoitwa FGF5. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti mkubwa uliofanywa kwa zaidi ya mbwa 1,000 ukaonyesha kwamba jeni tatu tu zinaeleza karibu aina zote za manyoya tunazoziona kwa mbwa wa kisasa, moja ya urefu, moja ya ndevu na nyusi, moja ya mawimbi. Tatu tu! Na kwa saluki manyoya laini ndo yanayotawala, singa zinajificha. Maana yake mbwa anaweza kuwa laini kabisa ukimwona, kumbe ndani amebeba nakala moja ya singa aliyopewa na mama au baba. Ukimkutanisha na mwenzake laini aliyebeba vilevile, kwa wastani mtoto mmoja kati ya wanne atatoka na singa, tumbo moja, usiku mmoja, baba mmoja. Ukikutanisha wawili wenye singa wote watoto watakuwa na singa kwa sababu hawana kingine cha kutoa. Sasa mwenye ile chati ya mishale anieleze: mama Najdi, baba Najdi, watoto watatu Najdi na wa nne Shami? Alipitia wapi Damascus akiwa tumboni?

Nililiona hili kwa macho huko Sharqiya, Oman, si mbali sana na Ibra, kwa mzee mmoja wa asili ya Unguja ambaye Kiswahili chake ni cha zamani mpaka unaona aibu kuongea mbele yake. Alikuwa na jike laini rangi ya mchanga, na watoto watano wa miezi minne wanacheza kivulini chini ya gari. Watatu masikio yao laini kama kiganja, wawili yameshaanza kuota singa, zimening'inia pembeni ya uso kama msichana aliyesahau kufunga nywele, na mkiani kuna kijifagio kinaanza. Nikamuuliza kwa ujuaji wangu, "Ami, hawa wawili ni Shami?" Akanitazama, akamnyooshea kidole yule jike, akasema, "Mwanangu, hawa ni watoto wa yule pale." Akaendelea kumwaga maji kwenye beseni lao. Sijawahi kusikia darasa la jeni fupi kama lile.

Haya, sasa niwe mwadilifu maana upande wa pili nao una hoja, na sio zote ni za kutupa. Hoja yao nzito kuliko zote ni hii: kweli singa zinaweza kutokea popote, lakini hazitokei kwa kiwango kilekile kila mahali. Ukitembea pande za Iraq na Syria unakutana na wenye singa kibao, ukishuka kusini ndani ya bara la Uarabuni walio laini wanaongezeka. Basi manyoya yana habari fulani ya mahali. Hili nakubali, na anayelikataa naye anapiga kelele tu. Ila tofautisha dalili na ushahidi. Ukikuta mtu Mombasa anakula mahamri na mbaazi asubuhi, uwezekano kwamba ni mtu wa Pwani ni mkubwa, lakini hakuna ofisi ya vitambulisho itakayompa mtu kitambulisho kwa kuangalia sahani yake. Wingi wa manyoya ya aina fulani kwenye eneo unatuambia kitu kuhusu eneo zima, mbwa mia kwa pamoja. Kuhusu mbwa mmoja aliyesimama mbele yako hautuambii cha kutosha, na cheti kinaandikwa kwa mbwa mmoja mmoja.

Hoja ya pili ni ya wafugaji, kwamba bila kugawanya na kufunga madaftari, mbwa wa asili watachanganywa mpaka wapotee, hasa sasa ambapo mbio zina hela na watu wanadaiwa kuingiza damu ya greyhound, yule mbwa wa mbio wa Uingereza, ili mbwa akimbie zaidi. Hii hofu ni ya kweli. Uwindaji wenyewe Emirati ulizuiliwa kwa sheria ya 1983, kwa hiyo saluki wengi sasa kazi yao ni kukimbia kilomita mbili hivi nyuma ya swala wa bandia anayevutwa na gari, na kwenye mashindano ya namna hiyo mbwa anapimwa kwa saa, hapimwi kwa akili ya kukata kona wala uvumilivu wa kutwa nzima. Ndo kichaka cha udanganyifu hicho. Lakini jiulize, greyhound ana manyoya gani? Laini. Kwa hiyo kipimo cha manyoya hakimzuii huyo mchanganyiko hata kidogo, kinampa mlango, anaingia moja kwa moja kwenye kundi la "Najdi safi" anapokelewa kwa maua. Anayetaka kulinda damu achukue nasaba na vipimo vya jeni, hayo masikio ayaache.

Halafu kuna hoja ya hali ya hewa, na hii ndo inayosambaa kuliko zote ingawa ndo dhaifu kuliko zote. Wanasema jangwani kuna joto kwa hiyo mbwa wa jangwani hawezi kuwa na manywele, mwenye manywele lazima katoka milimani kwenye baridi. Inaingia akilini mpaka umwone mbwa. Nilishasema, mwili wa wote wawili una manyoya mafupi yaleyale, mgongo, mbavu, tumbo. Singa ziko masikioni na mkiani! Mkia ndo utamtia mbwa joto? Mtu akikuambia kofia yako ina kishada kwa hiyo wewe umetoka nchi ya barafu utamcheka. Na ukitaka mfano wa mahali, Basra na pande za kusini ya Iraq joto linapita nyuzi 50 wakati wa kiangazi, na huko wenye singa wapo na wanawindishwa vizazi na vizazi. Kinachoweza kuwa na uzito kidogo ni miiba, kwamba singa zinaokota vitu vichakani na mwenye mbwa anachoka kumchambua, kwa hiyo wengine wanachagua hess kwa kuepuka usumbufu, na wengine wanachagua aryash kwa sababu ni mzuri machoni. Hayo ni mapenzi ya mwenye mbwa, tabia ya nchi haihusiki.

Nimeacha makusudi suala la slugi wa Moroko, Algeria na Tunisia mpaka hapa, kwa sababu ndo linalowachanganya hata watu makini. Wapo wanaosema hess wa Ghuba ni slugi tu kwa kuwa wote laini. Wapo wanaosema kinyume chake, kwamba slugi ni saluki laini, afutwe kwenye daftari lake arudi nyumbani. Wote wawili wanafanya kosa lilelile, wanaangalia manyoya. Mimi nakubali slugi awe mbwa wake, tena nakubali kwa nguvu, lakini sababu sio ulaini wake. Sababu ni kwamba wale mbwa wamekaa Afrika ya Kaskazini vizazi vingi mno wakizalishana wao kwa wao na watu wao, kichwa kimekuwa na umbo lake, mifupa imekuwa mizito kidogo, rangi ya michirizi kama ya simbamarara kwao ni ya kawaida wakati kwa saluki FCI inaiona haifai. Hata mateso yao ni ya kwao, sheria ya uwindaji ya Ufaransa ya mwaka 1844 ilipiga marufuku kuwinda na mbwa wa aina hii na ikawaandama mpaka Algeria. Hiyo ndo asili: nani kazaliana na nani, wapi, kwa muda gani, na yaliwakuta yapi. Moroko ndo inayoshikilia kiwango chake FCI, namba 188, na Wamarekani kupitia AKC, chama chao cha mbwa, walimfungulia mlango kamili mwaka 2016. Akizaliwa kesho slugi mwenye singa kwa wazazi ambao nasaba yao yote ni ya Maghrib hatakuwa saluki, atakuwa slugi mwenye singa na swali zuri la kumpelekea mtaalamu wa jeni.

FCI wenyewe nao hawajasalimika. Saluki, namba 269, wamemweka kwenye sehemu ya mbwa wenye manyoya marefu au mashungi, na slugi kwenye sehemu ya wenye manyoya mafupi, pamoja na greyhound. Kiwango cha saluki kinamruhusu laini waziwazi. Kwa hiyo leo hii kuna saluki hess, hana hata unywele mmoja mrefu, kisheria anakaa kwenye kundi la wenye manyoya marefu, na slugi aliyefanana naye ukiwaona kwa mbali anakaa kundi jingine na mbwa wa Uingereza ambao hata ukoo hawana. Na hili la ukoo sio maneno yangu, utafiti wa 2017 uliolinganisha mbwa 1,346 wa aina 161 ulionyesha kwamba hata hawa wanaowinda kwa jicho sio familia moja, greyhound na wenzake wa Uingereza wako tawi moja, saluki na yule wa Afghanistan wako tawi lingine pamoja na mbwa wa kulinda mifugo wa pande za Mediterania. Umbo limefanana kwa sababu kazi imefanana. Kama umbo zima la mwili linaweza kukudanganya kiasi hicho kuhusu asili, wewe unataka kuamini kijishungi cha sikioni?

Na sisi watu wa Pwani kusema kweli tulitakiwa tuwe wa kwanza kulielewa hili. Nani hajakaa harusini akasikia bibi akimshika mtoto kichwa, "huyu nywele za singa, karudi kwa babu yake wa Kiarabu," na mdogo wake amekaa palepale, baba mmoja mama mmoja, nywele za kipilipili, hajarudi kwa mtu? Nimeona familia watoto sita, nywele sita, na shuleni walimu wanawauliza kama ni ndugu kweli. Tumeumizana sana kwa hilo, watu wamekosa wachumba, watu wamejiongezea nasaba wasizokuwa nazo kwa ajili ya kitana kupita vizuri. Ukoo wa mtu hausomwi kwenye kitana na kila mtu mzima Pwani anajua, hata wale wanaojifanya hawajui. Sasa jambo tulilolijua kwa ndugu zetu tumelisahau vipi tulipofika kwa mbwa?

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni matokeo yake, maana chati ikisambaa sana inaweza kuja kuwa sheria ya chama fulani. Tuseme leo wanaanzisha daftari la Najdi na sharti ni mbwa awe laini na azae laini. Mfugaji mkweli akipata mtoto mwenye singa kutoka kwa wazazi laini, atafanya nini? Akimwandikisha, wazazi wote wawili wanaingia doa kwamba wamebeba, na watoto wao wengine bei inashuka. Kwa hiyo hatamwandikisha, atamficha, atampa mtu, au litatokea baya zaidi. Akiwa mkali zaidi atawapima mbwa wote jeni na kuwatoa wote waliobeba singa, na hapo atakuwa anawatupa wawindaji wazuri, wenye moyo, wenye miguu, kwa kosa la nakala moja ya jeni ambayo haionekani hata kwa macho. Kundi lenyewe la mbwa wa asili ni dogo, ukilikata nusu kwa singa halafu ukakata tena kwa waliobeba, kinachobaki ni binamu kuzaana na binamu, na baada ya miaka 30 mnaita mganga wa mifugo kila wiki. Na upande wa Shami nao wangejifungia, maana singa kwa singa hazizai laini milele, hata kama nusu ya mabibi zao walikuwa laini.

Wakazaki hawakufanya hivyo, ndo maana nasema habari yao imesomwa vibaya. Walichokilinda ni mbwa wa nchi yao, na watu wao, na kazi yake ya kuwinda pamoja na tai. Tazy ana singa masikioni na mkiani na hakuna aliyesema hizo singa ndo zilizompa uraia. Ghuba nao wana pa kuanzia, Abu Dhabi kituo cha saluki wa Kiarabu kipo tangu 2001, na hata Marekani AKC inawapokea wajukuu wa mbwa waliotoka jangwani, kizazi cha tatu, kupitia chama cha kuwaendeleza hao mbwa wa jangwani, bila kuuliza masikio yana nini. Oman ikitaka kesho daftari la saluki wa Oman, mimi nitapiga makofi. Liandikwe mama nani, baba nani, kazaliwa bonde gani, kwa watu gani, anawinda au anakimbia tu. Manyoya yaandikwe pale chini kwenye mstari wa rangi.

Wale wawili wa kwa Ami, mmoja alichukuliwa mwezi uliofuata na kijana aliyekuja na gari kubwa na simu mbili. Alimpenda kwa yale masikio. Baadaye nikaiona picha yake kwenye grupu, anauzwa kwa bei ambayo Ami hajawahi kuiona maishani, na chini imeandikwa: Shami halisi. Ndugu yake alibaki Sharqiya, na safari ya mwisho nilipopita nilimkuta amelala kwenye mkeka wa Ami, mkia wenye kijifagio umetapakaa mchanga.